Punje Mgongoni

Nguo zangu zote za kushindia nyumbani zina punje za mahindi mfukoni. Hata ninapofua huzisahau, zikavimba kwa maji, na siku moja nilikuta moja imeota kabisa ndani ya gauni nililoliacha kwenye beseni. Wanafunzi wangu hapa Rudewa wamekwisha kuzoea. Nikitoa chaki mfukoni, punje inadondoka sakafuni, mmoja anaiokota na kuniletea kwa mikono miwili, wengine wanajikausha wasicheke. Wanadhani mwalimu wao anatafuna mahindi kwa siri. Nimewaacha wadhani hivyo, maana kueleza ni kazi ndefu.

Punje hizo nilikuwa nazitumia kumwita binti yangu.

Binti yangu ni kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa akishtuka jogoo akiwika, na alikuwa ameanza kusema "mama" na "maji" alipopata homa ya uti wa mgongo. Tulilazwa hospitali Kilosa, nikawa nalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, na homa ilipoondoka nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi wauguzi wakaniomba nipunguze. Tuliporudi nyumbani ndipo nilipogundua kwamba nikimwita hageuki. Baba yake alikuwa na desturi ya kwenda Ruhembe kukata miwa kila msimu. Msimu uliofuata alikwenda, miwa ikaisha, yeye akabaki, nikaja kusikia ameoa hukohuko. Alimtuma mtu aniambie kwamba kwenye ukoo wao hakuna viziwi. Nilimrudisha mtu huyohuyo na jibu kwamba kwenye ukoo wetu hakuna watoro, na hayo ndiyo yakawa mazungumzo ya mwisho ya ndoa yetu.

Tukabaki wawili. Baada ya shule nilikuwa naketi uani kwenye kirago, napukuchua mahindi, naye anajenga nyumba za magunzi akiwa amenipa mgongo. Kumwita kwa mdomo ilikuwa bure, na kuinuka kila mara kumgusa bega sikuweza, maana kutwa nzima nilikuwa nimesimama mbele ya darasa lililojaa hadi madirishani. Siku moja nilichukua punje moja, nikaiweka kwenye kidole gumba, nikaifyatua kama watoto wanavyofyatua gololi. Ikampata katikati ya mgongo. Akageuka, akaitafuta chini, akaiona, akanitazama, akaangua kicheko ambacho hadi leo nakikumbuka.

Basi ikawa ndiyo lugha yetu. Punje moja ilikuwa njoo. Punje mbili zikifuatana ilikuwa acha hicho unachofanya. Kiganja kizima cha punje maana yake mama amekasirika, okoa roho yako. Jirani mmoja alisimama kwenye uzio akatutazama wee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, mtoto unamrushia mahindi, kwani kuku?"

"Kuku wangu wanasikia," nikamjibu, nikaendelea kupukuchua.

Mengine tuliyatunga kadiri tulivyoyahitaji. Mvua ilikuwa vidole vinavyocheza kichwani. Shule ilikuwa kiganja kinachofuta ubao. Baba yake, siku chache alizomuuliza, alikuwa mkono unaokata miwa, kisha unaokata tena, kisha unakwenda zake. Kila kitu hapa nyumbani kilikuwa na alama yake, kuanzia chumvi hadi mbuzi wa jirani. Mimi peke yangu ndiye sikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa mbele ya macho yake muda wote, na mtu unayeongea naye huna haja ya kumtaja.

Shida yetu kubwa ilikuwa nje ya uzio. Kwetu mtoto asiyetoa shikamoo ni mtoto aliyemshinda mama yake, na binti yangu alikuwa anawapita wazee njiani akiwatazama tu kwa macho yake makubwa. Nilimfundisha kupiga goti kidogo. Wazee waliitika marahaba, lakini kwa shingo upande, kama watu waliopewa sahani bila mchuzi. Mtu mmoja tu alisalimiana naye kikamilifu, mama wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa. Watoto wao humwendea mkubwa na kuinamisha kichwa, naye hukigusa utosini, salamu imekwisha, hakuna aliyefungua mdomo. Binti yangu aliwaona wenziwe wakifanya, akaenda na yeye akainamisha kichwa, akaguswa. Hata ule msimu wakulima na wafugaji walipogombana kuhusu mashamba ya zamani ya mkonge, na maziwa yakakatika, mtoto alikuwa anakwenda hadi njiapanda kusubiri kuguswa kichwa. Ilibidi nimfuate na kumrudisha.

Alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza nilimweka darasani kwangu, dawati la mbele. Aliandika vizuri kila nilichoandika ubaoni na hakuelewa hata neno moja. Mimi nafundisha Kiswahili. Nimewafundisha watoto wa watu kutunga insha hadi baba zao wakaja kunishukuru, na wangu alikuwa ameketi hapo mbele ananakili herufi kama anayechora maua.

Kisha wakaja watu wa shirika, wakiongozana na ofisa ustawi wa jamii kutoka Kilosa. Lilikuwa shirika la nchi za nje linalosaidia watoto wenye ulemavu wapate shule, nao walikuwa wanazunguka vijijini kuwatafuta hao watoto, kwa kuwa wengi wamefichwa ndani. Wakasema Mikumi kuna shule yenye kitengo cha viziwi na bweni, na kwamba kila mtoto atapata mfadhili wake. Niliuliza maswali mengi ya kibishi. Nilitaka wakosee mahali nipate sababu. Hawakukosea, nikafungasha tranka.

Siku niliyompeleka, alidhani tunakwenda hospitali, kwa sababu safari zetu zote za Kilosa zilikuwa za hospitali. Njia nzima alikuwa ananionyesha kwamba haumwi. Alijigusa paji la uso, akanigusisha na mimi, akatikisa kichwa: sina homa, turudi. Sikuwa na alama ya kumwambia bweni. Nilimwacha mikononi mwa matroni akiwa ameshika pindo la kanga yangu, na matroni akalifungua pindo lile kidole kimoja kimoja huku akiniambia nisigeuke nyuma. Sikugeuka. Nilirudi Rudewa na kanga iliyokunjamana upande mmoja.

Nyumba ilinishinda. Nilikuwa nikikaa kwenye kirago kupukuchua, mkono unachukua punje wenyewe, unainuka, halafu unakumbuka. Kuku walinizunguka wakisubiri zidondoke. Mtu mwingine angesema nilipata nafasi ya kupumzika, na wapo walioniambia hivyo wakidhani wananifariji. Sikutaka kupumzika. Nilitaka mtu wa kumrushia punje.

Likizo ya kwanza alirudi amenenepa na mikono yake inasema. Alishuka garini anaongea, na alipoona sijibu akaongea tena taratibu, na mara ya tatu akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaokaa nyuma. Nilimwekea chakula anachokipenda. Alikula, akaongea kidogo peke yake, mikono chini ya meza, kisha akaanza kutazama njia. Nilielewa bila kuambiwa kwamba alikuwa anawakumbuka wenzake. Alikuwa mpweke ndani ya nyumba yangu, na mimi nilikuwa mpweke ndani ya nyumba hiyohiyo, tumeketi meza moja.

Kesho yake nikiwa uani nilimfyatulia punje. Alishtuka. Akaiokota, akaja nayo hadi kwangu, akaiweka kiganjani mwangu na kunifunga vidole juu yake, halafu akanionya kwa kidole cha shahada. Akanionyesha: mtu anaitwa kwa kupungiwa mkono pembeni ya macho, au kwa kuguswa bega. Matroni ndiye aliyewafundisha kwamba kumrushia mwenzio kitu ni utovu wa adabu. Ni kweli, hata mimi darasani kwangu anayerusha vitu namsimamisha. Nikaacha. Ila niliona aibu sana, aibu ya mtu aliyeambiwa kwamba lugha aliyokuwa akijivunia ni tabia mbaya.

Shirika liliwaita wazazi kwenye mafunzo ya lugha ya alama. Nilikwenda, nikajifunza herufi za vidole, salamu, vyakula, nguo. Walimu ndio wanafunzi wabaya kuliko wote, mtanisamehe, hatupendi kukosea mbele za watu. Nyumbani nilijizoeza mbele ya kioo cha kabati. Likizo zilizofuata binti yangu alinirekebisha vidole kama mimi ninavyowarekebisha wa chekechea wanaoshika penseli vibaya, na alicheka, ila kicheko cha huruma. Nilipofika kwenye "nguo imelowa" yeye alikuwa anasimulia mambo ya mbali, na nilishika neno moja moja kama mtu anayedaka maji ya paa kwa kikombe. Nilizoea kuitikia kwa kichwa. Alijua kwamba sijaelewa, akaacha kuuliza.

Mfadhili wake alikuwa bibi mmoja wa nchi ya baridi ambaye hatukuwahi kumwona. Alituma kadi zenye picha za theluji, na nilijaribu kumweleza binti yangu theluji kwa kumwaga unga uani. Kuku walifurahi. Wageni wengine wa shirika walikuwa wakija wenyewe, na Mikumi ina bahati yake: asubuhi waliamkia mbugani kuona tembo, mchana wakaja kuona watoto wetu, kofia zao bado zina vumbi la tembo. Jambo hilo lilinichoma. Kisha nilikuwa naangalia kitanda cha mwanangu, daftari lake lililojaa maneno anayoyaelewa, na mwalimu anayemwongelesha akajibu, na hasira yangu inakosa pa kukaa. Ni vigumu kumchukia anayemfanyia mwanao ulichoshindwa wewe. Nilijaribu, nikashindwa hata hilo.

Alipomaliza darasa la saba, na matokeo yakatoka mazuri, mwalimu wa kitengo akanipigia simu. Bibi wa theluji amekubali kumsomesha sekondari, kwenye shule ya viziwi iliyo mkoa wa mbali kaskazini. Kuna siku ya wazazi, wageni watakuwepo, kila mzazi aje na jibu lake.

Jibu langu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshaongea na fundi cherehani Kilosa amchukue binti yangu kwenye kibanda chake karibu na soko. Angeshona, angelala nyumbani, ningejifunza alama zake polepole hadi nimfikie. Kaskazini asingekuja kila likizo. Angerudi mtu mzima ambaye mimi na yeye tungesalimiana kama wageni kwenye harusi. Nilikuwa naogopa hilo kuliko umaskini, na sioni aibu kulisema. Njia nzima, tunapita Masanze, gari linatetereka, nilikuwa nakariri sentensi yangu: nashukuru, lakini mtoto wangu namtaka nyumbani.

Viti vilipangwa chini ya turubai. Wageni mbele, wazazi nyuma, watoto wamesimama pembeni na sare zilizopigwa pasi. Kila aliyemaliza aliitwa asimulie kwao, na mwalimu wa kitengo akatafsiri kwa sauti. Zamu ya binti yangu ilipofika, nilinyoosha shingo. Sikuwa nimewahi kumwona akiongea na watu wengi. Mikono yake ilikuwa haina haraka, uso wake unafuata, na watoto wenzake wote walikuwa wamemtulizia macho.

Akasimulia mvua ya kwetu. Akasimulia ng'ombe, na mama anayegusa watoto vichwani. Kisha akaweka kidole juu ya kidole gumba, akafyatua kuelekea bega lake mwenyewe.

"Mama yangu," mwalimu akatafsiri.

Nilidhani sijaona vizuri. Akaongea kidogo, akafyatua tena.

"Mama yangu ni mwalimu." Akafyatua. "Mama yangu anapika wali wa nazi kila nikirudi."

Wageni walikuwa wanatabasamu tu, kwao ilikuwa alama kama nyingine. Jirani yangu wa kiti aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia vumbi.

Wageni walipokwenda kupiga picha, nilimshika yule mwalimu mkono wa shati.

"Mwalimu mwenzangu, samahani. Hiki anachofanya hivi, ni nini?"

"Ni wewe," akasema. Alishangaa kwamba sijui. "Huku kila mtu ana jina lake la alama, wanakupa kwa kitu chako. Mimi hiki kipara. Yule mgeni mrefu wanamwita anayejipaka mafuta puani, ila hilo sitafsiri. Wewe alikuja nalo mwenyewe, wiki ileile uliyomleta. Alikuwa analia huku anafyatua vidole, hatukujua anataka nini, matroni akadhani ana degedege. Baadaye ndiyo tukaelewa anamtaja mama yake. Sasa sote tunakuita hivyo."

"Hata matroni? Si ndiye aliyekataza kurusha vitu?"

"Kurusha ndiyo kakataza. Jina hajakataza."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu. Miaka yote aliyokuwa nami hakuwa na haja ya kunitaja. Nilipata jina siku nilipomwacha mlangoni mwa bweni na kuondoka bila kugeuka.

Tukaitwa, wazazi mmoja mmoja, mbele ya meza. Sentensi yangu ilikuwa mdomoni, nimeishika kwa meno. Binti yangu alikuwa amesimama upande wa pili, na nikaamua kwanza nimuulize yeye, kwa alama ambayo nina hakika nayo: unataka? Akajibu kwa kichwa na mikono yote miwili, sana. Halafu uso wake ukabadilika. Akafyatua kidole, akainua nyusi, akasubiri. Mama je?

Hiyo niliielewa yote, bila mkalimani. Miaka ile yote mezani nilikuwa naitikia nisivyovielewa, na hapa nilikuwa nimeulizwa kitu ninachokielewa. Nilijipiga kifuani, nikaonyesha chini nilipokuwa nimesimama: yupo. Yupo tu, haendi popote. Kisha nikawageukia watu wa mezani nikasema ndiyo, tena kwa ukali hadi mgeni mmoja akarudisha kiti nyuma. Wakapiga makofi. Fundi cherehani wa Kilosa alininunia baadaye, na sikuwa na nguvu ya kumwomba radhi vizuri.

Mwezi wa kwanza nilimsindikiza hadi Mikumi, barabara kuu, ambako mabasi ya mikoani husimama abiria wanunue chakula. Alikuwa anasafiri na msichana mwenzake wa kitengo na mwalimu wa kuwafikisha. Tuliagana vizuri. Alinikumbatia, akanirekebisha kanga, akaniambia kwa alama za polepole, zile za kuniongelesha mimi, nisilie, nile. Akapanda. Nikamwona anakaa upande wangu, dirishani.

Ila basi halikuondoka. Dereva alishuka kunywa chai, konda anabishana na mtu kuhusu mizigo, na mimi nimebaki nimesimama chini ya dirisha la mtu niliyekwisha kumuaga. Alikuwa amenipa mgongo. Viziwi wakiongea lazima waangaliane, na mwenzake alikuwa kiti cha upande wa pili, kwa hiyo uso wote ulikuwa kule. Niliona mabega yake, kola mpya, nywele alizosuka jana yake kwangu. Nilipunga mkono. Nilipiga bodi ya basi kwa kiganja, na watu kumi wakageuka isipokuwa yeye.

Nikatia mkono mfukoni. Zilikuwemo.

Niliiweka ya kwanza kwenye kidole gumba, nikafyatua. Iligonga kioo palepale penye mgongo wake, ikadondoka kwenye lami. Nikafyatua ya pili. Kioo kilikuwa kizito, hakikumpelekea chochote.

"We mama!" konda akapaza sauti. "Unarusha nini? Kioo hicho!"

"Mahindi," nikasema. "Namwita mwanangu."

"Si umwite kwa jina?"

Ndani, mwenzake alikuwa amemuuliza kitu, nyusi zimeinuka. Niliona bega la binti yangu likisogea na mkono wake ukija juu, hadi usawa wa shingo, mahali ninapoweza kuuona kutoka nyuma. Kidole juu ya kidole gumba. Akafyatua kuelekea mgongoni kwake, akafyatua tena, na mwenzake akaelewa, akacheka.

Alikuwa anamsimulia habari zangu. Basi lilikuwa bado halijaondoka, mimi nipo hapo chini ya dirisha, na tayari nilikuwa mtu wa kusimuliwa.